Siku Tatu za Ithaca

Katikati ya mwaka 1985 kundi la Anthrax la New York lilikuwa mjini Ithaca, katika studio ya Pyramid Sound, likitengeneza albamu yake ya pili, Spreading the Disease. Mpiga gita Scott Ian alimaliza kurekodi sehemu zake mapema, akabaki hana la kufanya. Akawa anachora. Kwenye karatasi zake akazuka askari mwenye uso wa fuvu, Sargent D, anayemchukia kila aliyeumbwa, na kila katuni Ian akaiandikia kauli ya chuki iliyopitiliza hadi ikachekesha. Kauli hizo ndizo zilizogeuka mashairi ya nyimbo.

Mpiga ngoma wa Anthrax, Charlie Benante, akajiunga naye. Dan Lilker naye akaitwa: mpiga besi aliyeshiriki kuanzisha Anthrax, akatimuliwa mwaka 1984, na wakati huo alikuwa na kundi lake, Nuclear Assault. Alikubali kuketi tena na waliomfukuza, pengine kwa kuwa safari hii hapakuwa na cha kugombea. Uimbaji akapewa Billy Milano, pande la mtu kutoka jukwaa la panki. Wakajiita Stormtroopers of Death, au S.O.D., wakarekodi kaseti ya majaribio yenye vipande 63.

Jon Zazula, mwenye lebo ya Megaforce iliyowatoa Metallica mwaka 1983, akawapa nafasi. Albamu nzima, Speak English or Die, ilirekodiwa kwa siku tatu, ikatoka mwaka huohuo hata kabla ya ile ya Anthrax iliyoizaa. Nyimbo zake ni zaidi ya 20, na zote kwa pamoja hazifiki nusu saa. The Ballad of Jimi Hendrix ni sekunde chache tu: gita linadokeza noti za Hendrix, mwimbaji anatangaza kwamba Hendrix ni marehemu, basi.

Lakini utani haukuwa kwenye vyombo. Sikiliza wimbo Milk: malalamiko ya mtu aliyeishiwa maziwa, ila chini yake Benante anapokezanisha ngoma ndogo na ile ya mguuni kwa kasi ambayo wapigaji wa metali walikuwa bado hawajaizoea. Miaka miwili baadaye kasi ya namna hiyo ilisikika kwa Napalm Death wa Uingereza, katika albamu yao Scum. Na gita la Ian ni zito, kavu, halina mapambo. Mashabiki wa metali wenye nywele ndefu na vijana wa panki wenye vichwa vilivyonyolewa, ambao kabla ya hapo walikuwa wakiangaliana kwa jicho baya, wote walipata chao. Mwaka 1987 kundi la D.R.I. liliiita albamu yake Crossover, jina ambalo muziki huo mchanganyiko unalo hadi leo.

Mashairi ndiyo yaliyoleta kizaazaa. Jina la albamu lenyewe linamwamuru mgeni aongee Kiingereza au afe, na ndani yake wahamiaji, wanawake na watu wa Mashariki ya Kati wanatukanwa bila breki. Wenye albamu walijitetea kwamba ni kejeli, na anayesema ni Sargent D, si wao. Ian na Lilker, wote wawili wa familia za Kiyahudi, si watu wa kudhaniwa wafuasi wa askari wa namna hiyo. Hata hivyo, katika utani wa makabila, Mngoni na Msukuma wakitaniana, mwenzako naye ana zamu yake ya kukujibu. Mhamiaji wa New York hakupewa zamu kwenye santuri ile. Wapo walioicheka, na wapo walioipigia makofi kwa maana ileile ya maneno yake.

Kinyume na hayo, mwaka 1987, katika albamu ya Among the Living, Anthrax haohao walitoa Indians, wimbo unaowatetea wenyeji wa asili wa Marekani.

Milano aliendeleza matusi na kundi lake jipya, M.O.D. Lilker akazidi kufukuzia kasi, akaunda Brutal Truth. S.O.D. walirudi kwa vipindi: mwaka 1992 walitoa Live at Budokan, jina la ukumbi maarufu wa Tokyo, ilhali onyesho lilirekodiwa Ritz, palepale New York. Albamu ya pili ya studio, Bigger than the Devil, ilisubiri hadi 1999.