Nani alihesabu makosa ya ngoma?

Bukavu. Wandugu wasomaji, leo si habari ya barabara wala ya bei ya unga. Wengi mnanijua kwa sauti ya redio. Wachache wanajua ugonjwa wangu wa pili: kila mwaka, tangu mwisho wa mwezi wa sita hadi katikati ya mwezi wa nane, nalala kidogo kwa sababu ya ngoma za vijana wa Marekani. Juzi kijana mmoja wa fanfari ya parokia yetu alitazama video kwenye simu yangu mara mbili, kisha akauliza: « Yaya, hawa wote wanapiga kama mtu mmoja. Sasa, mmoja akikosea, nani atajua? »

Nilimjibu ovyo ovyo kwa sababu nilikuwa nakimbilia studio. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna karibu historia yote ya mchezo huu.

Kwanza nieleze kwa wale wasioujua. Kikosi kimoja kina vijana zaidi ya mia, umri wao hauzidi miaka 21 msimu unapokaribia. Kuna tarumbeta, kuna bendera, kuna ngoma. Wanaingia kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani na kucheza kama dakika kumi na moja au kumi na mbili, huku wanatembea na hata kukimbia. Tarumbeta nawaachia wengine. Mimi nafuata ngoma: kesi klere nane hadi kumi kwenye mstari mmoja, nyuma yao wapigaji wa tenori, kila mmoja amebeba ngoma tano au sita kifuani, halafu besi tano za ukubwa tofauti, kila mtu na yake. Besi ndizo zinanishangaza. Wimbo mmoja unagawanywa kwa watu watano, huyu pigo moja, yule pigo moja, kama mafundi wanaorushiana matofali hadi ghorofani. Mmoja akichelewa kidogo tu, tofali linaanguka na kila mtu analisikia.

Mchezo huu ulitoka jeshini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maaskari waliorudi nyumbani walianzisha American Legion mwaka wa 1919, na matawi yake yakaunda vikosi vya ngoma na tarumbeta na kuanza kushindana. Kisha wakaja watoto wao. Parokia, maskauti na polisi wa mtaa waliunda vikosi vya vijana ili wasizurure. Holy Name Cadets walianza mwaka wa 1934 kwenye parokia ya Garfield, katika jimbo la New Jersey. Bayonne, mji mwingine wa jimbo hilo, kulikuwa na kikosi cha parokia ya Mtakatifu Andrea, ambacho baadaye kilijulikana kama Bridgemen. Msomaji wa Kadutu au Bagira hahitaji maelezo zaidi. Padri, ngoma za mitumba, watoto wa kartie: anajua tayari.

Kwa sababu sheria zilitungwa na maaskari wa zamani, waamuzi nao walihukumu kama kwenye gwaride. Kikosi kiliingia na alama kamili, kama mwanafunzi aliyepewa ishirini juu ya ishirini kabla ya mtihani. Mwamuzi wa ngoma aliingia uwanjani na ubao wake na kalamu, akatembea katikati ya wapigaji, sikio karibu na fimbo zao. Kila kosa alilolisikia lilikuwa mstari mmoja kwenye karatasi, na kila mstari uliondoa sehemu moja ya kumi ya alama. Fla iliyofunguka kupita kiasi: mstari. Mmoja aliyetangulia wenzake: mstari. Hakuandika kitu kilichomfurahisha. Kazi yake ilikuwa kuhesabu.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipopewa kesi klere ya fanfari, na maitre wetu alitufundisha kama alivyofundishwa yeye, kwa maneno ya Kifaransa: papa-mama, papa-mama, polepole kisha haraka, hadi mapigo mawili ya kila mkono yageuke mvumo mmoja. Alikuwa na kijiti chembamba. Hakukitumia kupiga ngoma. Kila uliyekosea alikugusa begani nacho bila kusema neno, na aliyeguswa mara tatu alirudi nyuma kubeba viti. Mimi nilitolewa kwenye mstari siku mbili kabla ya gwaride la tarehe 30 Juni. Miaka mingi baadaye, niliposoma habari ya mwamuzi wa Kimarekani na kalamu yake, bega langu lilikumbuka kabla yangu.

Mfumo ule ulikuwa na faida moja kubwa. Ulifanya kundi la watoto wa mitaani kupiga kwa usafi ambao hata jeshi lilikuwa halina. Msingi wake ulikuwa yale mapigo ya shule ambayo chama cha wapiga ngoma wa Marekani, kilichoundwa mwaka wa 1933, kilikuwa kimeyapanga: kwanza 13 ya lazima, kisha 26 kwa jumla. (Mwaka wa 1984 orodha iliongezwa hadi 40. Papa-mama yetu bado imo.) Lakini uliwafanya watunzi kuwa waoga. Kwa nini uandike kitu kigumu ikiwa kila pigo la ziada ni nafasi moja zaidi ya kupoteza alama? Tena muda wa kuhukumu ulikuwa na mpaka, bastola ikilia mwanzo na mwisho. Baada ya bastola ya mwisho, kikosi kiliweza kuendelea kidogo bila mtu kuhesabu makosa. Nadhani ukitaka kujua walichopenda wenyewe, usikilize zile dakika za mwisho.

Wakubwa wa vikosi hatimaye walichoka kutawaliwa na vyama vya maaskari. Mwaka wa 1971 waliunda chama chao, Drum Corps International, na ubingwa wa kwanza ulichezwa mwaka wa 1972 Whitewater, jimbo la Wisconsin. Anaheim Kingsmen wa California ndio walioshinda. Kalamu ya mwamuzi hata hivyo ilibaki.

Ni katika miaka ile ya 1970 ambapo mshabiki wa ngoma anapata mashujaa wake. Wa kwanza kwangu ni Fred Sanford wa Santa Clara Vanguard, kikosi kilichoanzishwa California mwaka wa 1967 na kilichotwaa ubingwa mwaka wa 1973, 1974 na 1978. Sanford alitaka ngoma ziimbe, zisiwe saa ya kuongoza miguu tu. Alithubutu hata kubadilisha namna ya kushika fimbo. Zamani mkono wa kushoto ulishika fimbo kwa chini, kwa sababu ngoma ya askari ilining'inia kwa mkanda upande mmoja. Yeye aliwaambia vijana wake washike sawasawa kwa mikono yote miwili. Leo unaweza kuona hilo ni jambo dogo, lakini wazee walikasirika kama mtu aliyebadilisha sala. Alifariki mwaka wa 2000, na tuzo ya ngoma bora katika ubingwa inabeba jina lake.

Wa pili ni Dennis DeLucia na Bridgemen, wale wale wa Bayonne, ambao kufikia wakati huo walivaa makoti marefu ya njano na kofia pana, wakachekesha watu uwanjani. Walio makini waliwaona kama wacheza ngonjera. Kumbe chini ya kichekesho kulikuwa na ngoma zilizoshinda taji zaidi ya mara moja, zikiwa na mwendo wa jazi ambao gwaride halikuwahi kuujua. Kwangu, kama ningerudishwa nyuma na kupewa jioni moja tu ya kusikiliza, ningekwenda kwa Bridgemen na si kwa mabingwa.

Kisha ukaja msimu wa 1984. Kalamu iliondolewa. Badala ya kuanza na alama kamili na kukatwa, kikosi kikaanza kujengewa alama kutoka chini: ugumu wa kilichoandikwa, ubora wa kilichopigwa. Waliofundishwa na kalamu waliogopa kwamba usafi ungekufa na vijana wangepiga kelele tu.

Haukufa, na sababu mojawapo, kwa maoni yangu, haiko kwenye karatasi ya mwamuzi. Iko kwenye ngozi ya ngoma. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 watengenezaji walileta ngozi mpya iliyofumwa kwa Kevlar. Jina hilo si geni hapa Kivu: ni uzi ule ule wa jile za kuzuia risasi. Ngozi hii unaweza kuikaza hadi iwe kama meza. Ngoma za zamani hazikuvumilia, zilijikunja au kupasuka, ikabidi zitengenezwe upya, mkazo ubebwe na fremu ya chuma na si na mwili wa ngoma yenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa fupi, kavu, bila mwangwi wa kuficha kitu. Kwenye ngozi ya plastiki ya zamani, au ya ndama kabla yake, pigo lililochelewa kidogo lilimezwa na mvumo. Kwenye Kevlar linasimama peke yake, uchi. Yule mwamuzi mwenye kalamu alifukuzwa uwanjani, akaingia ndani ya ngoma.

Ndiyo maana ugumu ulipopanda, usafi haukushuka. Watunzi walipata ruhusa ya kuandika, na ngoma ikakataa uzembe. Gharama ililipwa na viungo vya vijana. Kupiga masaa mengi kwa siku juu ya kitu kigumu hivyo kunaumiza mkono, na mshabiki mkweli asijifanye hajui.

Mambo mengine nayapitia haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 timpani na silofoni, zilizokuwa zinabebwa kifuani, zilianza kuwekwa chini mbele ya uwanja, na marimba kubwa zikapata nafasi. Neno marimba, kwa taarifa yenu, ni la Kibantu, na Waluba wa Kasai wana madimba yao. Nikiona safu ya marimba Indianapolis nasalimia ndugu. Mwaka wa 2004 maikrofoni ziliruhusiwa, na mwaka wa 2009 vyombo vya umeme. Kuna mashabiki ambao hawajasamehe hadi leo. Mimi mtu wa redio siwezi kulaumu maikrofoni.

Sasa mshabiki mwenyewe. Mapenzi yetu hasa hayako ndani ya uwanja. Yako nje, kwenye parkingi. Kabla ya kuingia, ngoma zinajipanga katikati ya magari na kupasha mikono, na watu wanawazunguka karibu kabisa, kama mwamuzi wa zamani, lakini kila mmoja na simu. Huko ndiko unasikia kesi klere bila tarumbeta kuzifunika. Fainali tangu mwaka wa 2009 zinafanyika Indianapolis, na saa nne ya usiku kwao ni saa kumi ya alfajiri kwetu. Kutazama moja kwa moja kunalipiwa, nami sina pesa hiyo. Nangoja video za parkingi, nikinunua mega usiku zikiwa rahisi. Na nakiri: kwa miaka ya kwanza nilitazama kwa kutafuta kosa. Nilirudisha nyuma, nikapunguza kasi, nikamkamata kijana wa tatu kutoka kushoto, nikafurahi. Nilikuwa nimebeba kijiti cha maitre bila kujua.

Jambo lililonizuia ni hesabu nyingine. Vikosi vilivyokuwa mamia sasa ni makumi tu. Bridgemen hawakumaliza miaka ya 1980. Vilivyobaki vinasafiri majira yote ya joto kwa mabasi, na kijana analipa dola elfu kadhaa kwa msimu mmoja. Mtoto wa parokia ambaye kikosi kilianzishwa kwa ajili yake, leo atapata wapi? Cadets wa Garfield, mabingwa mara kumi, walifunga mlango mwaka wa 2024, baada ya kesi ya unyanyasaji wa kingono wa zamani. Makosa ya aina hiyo hakuna mwamuzi aliyekuwa akiyahesabu uwanjani. Na Santa Clara Vanguard wenyewe, ambao walikuwa wametwaa ubingwa mwaka wa 2018, hawakuonekana kabisa mwaka wa 2023 kwa kukosa pesa.

Walirudi mwaka wa 2024. Nakumbuka video ya kwanza ya parkingi iliyonifikia. Mtu aliyeirekodi alisimama karibu mno, picha inatikisika, na kuna wakati mkono wa mtu unafunika kila kitu. Vijana wale wale wa nguo za mazoezi, jasho, jua. Mmoja wa tenori alikosa pigo karibu na mwisho. Nilimsikia vizuri, nikaiacha iendelee, kisha nikaiweka tena tangu mwanzo hadi umeme ulipokatika.