Gisenyi si Mchanga Peke Yake

Ukimwuliza mfanyakazi wa shirika aliyepumzika wikiendi Gisenyi kuna nini kule, atakwambia kuna ufuko, kuna sambaza za kukaanga na bia baridi. Ukimwuliza jirani yangu hapa Mahama, mama aliyetoka Masisi, atakwambia kuna bariyeri. Wote wawili wanasema kweli, na mji ni huo huo mmoja. Shida ni kwamba vijitabu vya watalii vinamsikiliza yule wa kwanza tu. Basi nimeandika haya kwa pande zote mbili: ninyi mnaokwenda na gari la ofisi, na sisi ambao tukipata ruhusa ya kutoka tunapanda basi mpaka Kigali, halafu jingine mpaka ziwani, Rwanda nzima toka mashariki hadi magharibi.

Jina kwanza, maana linachanganya watu. Mji ni Gisenyi. Rubavu ni wilaya, tangu utawala ulipopangwa upya mwaka 2006, na ni jina la kilima kinachosimama juu ya mji. Eneo lote lile wazee wanaliita Bugoyi.

Mgeni wa historia mimi namwambia aanzie bariyeri, ufuko ataukuta tu. Kuna mbili: ile kubwa karibu na ziwa, ambapo magari na wenye pasipoti hupita, na ile ndogo, Petite Barrière, ya watu wa miguu. Simama pembeni ya hiyo ndogo asubuhi (usipige picha, askari hawapendi) uangalie akina mama wenye nyanya, maziwa na mayai wakienda Goma, na wengine wakirudi na vitenge. Kabla korona haijaifunga mwaka 2020, watu makumi ya maelfu walikuwa wanavuka hapo kila siku. Miji miwili imegusana hivi kwamba kuna mahali ukuta wa nyuma wa mtu ndio mwisho wa nchi.

Huo mstari una umri gani? Mwaka 1885 walioko Ulaya waliuchora kwa rula ili kuonyesha Kongo ya mfalme Leopold inaishia wapi, na wakati huo hakuna Mzungu aliyekuwa amefika Ziwa Kivu. Wa kwanza kufika alikuwa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894. Msafara wake ulitoka Pangani, pwani ya Waswahili, ukapita kwa mfalme Kigeri Rwabugiri, kisha ukashuka ziwani. Hapo Wajerumani wakaona kwamba rula ile imewakata vibaya, wakaanza kubishana na Wabelgiji. Ubishi uliisha Brussels mwaka 1910, kwenye mkutano wa Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, nao wakaiandika Kissenji. Goma na kisiwa cha Idjwi vikaenda kwa Wabelgiji. Mfalme Musinga, ambaye ndiye alikuwa ametawala watu wa huku, hakuwa na kiti mezani.

Nimekaa sana hapo kwa sababu nusu ya maneno tunayotukanwa yanatoka hapo. Wenye kusema Kinyarwanda walijikuta upande wa Kongo bila kuhama hata hatua moja. Wengine walikuja baadaye, wakiletwa na Wabelgiji wenyewe kuanzia 1937, kwenda kulima na kufuga Masisi. Halafu serikali ya Zaire ikawapa uraia kwa sheria ya 1972 na kuunyang'anya kwa sheria ya 1981. Mtu anakuuliza wewe ni wa wapi, na jibu lake la kweli linaanzia kwenye ile bariyeri ya akina mama wa nyanya. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha kale kuliko vyote mjini, hata kama kinaonekana kama chuma na kibanda cha polisi.

Sasa shuka ziwani. Barabara ya ufukweni ina nyumba kubwa za zamani za wakoloni, nyingine zimekarabatiwa zikawa hoteli, nyingine zimechakaa. Watalii wanazipiga picha kwa uzuri wake. Lakini ni pwani iliyopigana. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani waliteka Idjwi mwezi wa Septemba 1914, na kwa karibu miaka miwili kapteni wao, Max Wintgens, aliwazuia Wabelgiji wasipite hapa Gisenyi. Walipita Aprili na Mei 1916, wakaingia Kigali tarehe 6 Mei. Hayo ya makapteni yako vitabuni. Wenyeji walibaki na jina lingine: Rumanura, njaa iliyofuata vita katika Bugoyi, baada ya majeshi mawili kula mashamba na kuchukua wanaume wabebe mizigo. Waliokufa kwa njaa ile hawana sanamu pale ufukweni.

Ukielekea kusini kwa moto, dakika chache unafika Rubona, na huko ni kwa kufurahia, sitakuchosha. Kuna maji ya moto, amashyuza, watu wanaloweka miguu yenye maumivu na wengine wanachemshia mayai. Kuna kiwanda cha bia, Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Wengi hawajui kwamba kuanzia miaka ya 1960 moto wa kiwanda hicho ulitoka ziwani: Kivu ina gesi ya methani imeyeyuka kule chini, na mtambo mdogo wa Rubona ulikuwa wa kwanza kuivuta na kuitumia. Ziwa lina kina cha karibu mita 485, na chini kuna hewa ya kutosha kutia hofu, lakini juu watoto wanaogelea. Jioni utaona mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka, wavuvi wanaimba wakienda kutafuta sambaza. Samaki huyo si mwenyeji. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana, sasa analisha Goma na Gisenyi pamoja. Ni mgeni wa zaidi ya miaka 60 na hakuna anayemwuliza karatasi.

Na ukiwa unatoka Kigali, kabla hujaingia mjini, utapita Nyundo. Kanisa kuu la pale lina historia yake: Aloys Bigirumwami alipewa uaskofu mwaka 1952, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika makoloni yote ya Wabelgiji. Palepale Nyundo, Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia kanisani na seminari waliuawa. Nayaweka pamoja kwa sababu mahali ni pamoja.

Mjini, karibu na makaburi, kuna ukumbusho wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi unaoitwa Commune Rouge. Jina hilo walilitoa wauaji wenyewe: walisema wanampeleka mtu "kwenye komuni", kama vile anakwenda kuandikiwa cheti, kumbe anapelekwa shimoni. Ukienda, nenda asubuhi na usiende na nguo za kuogelea chini ya shati. Naomba msamaha kwa wanaojua adabu, lakini wazee wa pale wamekwisha kuona hayo.

Serikali iliyosimamia mauaji ilikimbia Kigali, ikaenda Gitarama, mwezi wa Juni ikafika Gisenyi, mawaziri wakalala kwenye hoteli ya ufukweni wakati mashimo yale yanajazwa. Katikati ya Julai 1994 RPF ilipokaribia, watu karibu milioni moja walivuka kwenda Goma kwa siku chache tu, kwenye mawe ya volkano yasiyo na maji. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Ndani ya umati ule walikuwepo watoto wasiojua lolote na walikuwepo wauaji na bunduki zao, na mashirika yaliwagawia wote chakula kwenye foleni moja. Wazee wa kazi hii ya misaada bado wanabishana juu ya hilo, na ni haki yao kubishana. Silaha zile zilivuka na kurudi, nasi tuko njiani kuelekea zilikorudi.

Kabla ya hapo, inua macho. Mlima unaotoa moshi upande wa kaskazini ni Nyiragongo, mita 3,470, uko Kongo lakini unaonekana vizuri zaidi ukiwa Gisenyi, hasa usiku anga linapokuwa jekundu. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliingia katikati ya Goma, na mamia ya maelfu ya watu wakavukia Gisenyi na magodoro kichwani. Kambi zilitayarishwa upesi, lakini wengi walikataa kuingia, wakarudi kwao baada ya siku chache wakati lava bado ina moto chini. Mashirika yalishangaa. Mtu wa Goma hashangai: nyumba iliyoachwa ina mwenyewe mwingine kesho yake. Tarehe 22 Mei 2021 ikawa vile vile, safari hii na matetemeko yaliyopasua nyumba za Gisenyi pia. Na Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, mabomu yaliangukia hata huku Gisenyi yakaua watu, na waliovuka siku hizo walikuwemo wafanyakazi wa mashirika na familia zao, kila mmoja na begi moja. Wengine wao wanasoma gazeti hili. Basi hao hawahitaji kuelezwa bariyeri ni kitu gani.

Sasa Mudende, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mudende haimo kwenye kijitabu chochote cha watalii nilichowahi kushika. Ni juu, kaskazini ya mji, kwenye miinuko ya volkano, baridi, viazi na ng'ombe. Kabla ya 1994 palikuwa na chuo kikuu cha Waadventista. Baadaye pakawekwa kambi ya wakimbizi kutoka Kongo, Watutsi wa Masisi na Rutshuru ambao wanamgambo walikuwa wamewafukuza huko kuanzia 1995 na 1996. Waliambiwa wamefika, wapumzike. Kambi ilikuwa kilomita chache tu kutoka kwenye mpaka walioukimbia.

Usiku wa Agosti 1997 walikuja abacengezi, mabaki ya jeshi la zamani na Interahamwe, na bunduki, mapanga na moto. Waliuawa wakimbizi zaidi ya 100. Kambi haikuhamishwa. Mwezi wa Desemba, miezi minne tu baadaye, wakarudi kwenye mahema yale yale, na safari hiyo waliuawa zaidi ya 270, wengi wao akina mama na watoto. Ndipo waliobaki wakapelekwa Gihembe, kule Byumba, mbali na mpaka. Wakakaa Gihembe karibu miaka 24. Kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2021, wakaletwa hapa Mahama. Yaani mashahidi wa Mudende wanachota maji kwenye bomba moja na sisi.

Swali langu kwa wenye kupanga kambi ni moja, na silielekezi kwa mtu wala ofisi fulani: kwa nini hema la pili lilisimamishwa palepale palipoungua la kwanza? Leo utaratibu unajulikana, kwamba kambi ikae mbali na mpaka, na kijana aliyesoma mambo hayo chuoni atakutajia kilomita ngapi bila kupepesa. Sawa. Ila kijana huyo akishuka Gisenyi siku ya Jumamosi kula sambaza, yuko karibu sana na mahali ambapo sharti hilo lililipiwa kwa watu, na hajaambiwa. Hata Nkamira, kituo cha mapokezi ambacho wengi wetu tulilala usiku wa kwanza, kiko wilaya hiyo hiyo, na gari zao zinapita hapo kila wiki.

Sisemi watu waache ufuko. Mimi mwenyewe naupenda ule ufuko, maji yake hayana mamba wala kiboko, na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo unasahau njaa kidogo. Nasema siku mbili zinatosha kwa yote. Ya kwanza bariyeri asubuhi, Commune Rouge, halafu ziwani. Ya pili Mudende, na ukirudi ndipo ule samaki wako.

Kwa Mudende, chukua moto mjini na mpatane bei ya kwenda na kurudi, maana kumpata mwingine juu kule si rahisi. Beba koti. Mchana ukungu unashuka na mvua haina habari na msimu. Na ninyi wa hapa kambini, kabla hamjapanda basi, piteni kwanza kwa wazee waliotoka Gihembe, mkae nao. Watawaambia hema lao lilikuwa upande gani wa kilima, na jina la nani mlitamke mkifika.