Kangomba ya Hewani

Mkulima wa Lukuledi, wilayani Masasi, hahitaji kufundishwa maana ya kangomba. Ni ule ununuzi wa korosho wa kificho, nje ya mnada na mizani ya chama cha ushirika, unaomvizia mkulima akiwa na shida. Kununua korosho si kosa. Kosa ni kuinunua gizani. Kwa kipimo hicho, ndugu msomaji, tulipime swali hili: je, kulipa ili wimbo upigwe redioni iwe jinai?

Mwaka 1965 Shirika la Utangazaji la Tanganyika liligeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha serikali. Bendi zetu zilirekodi katika studio zake, na sauti zao zikafika Masasi na Newala. Mlango ulikuwa mmoja na bawabu wake alikuwa dola, aliyeyapima mashairi kabla ya kuyaruhusu. Mwanamuziki alipata jina. Fedha aliisaka kwenye kumbi za dansi.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994. Milango ikawa mingi, lakini nyimbo zikawa nyingi zaidi. Bawabu mpya akawa mtangazaji, na bahasha ikajua njia ya kumfikia.

Hapo ndipo penye kinaya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyoanzisha COSOTA, yataka redio imlipe mwenye wimbo. Bahasha imeugeuza mkondo, kama kuuamuru mto Lukuledi uiache bahari ya Lindi upande mlimani.

Wapo wanaosema hilo ni tangazo la biashara kama la sabuni. Sivyo. Msikilizaji wa sabuni anajua kwamba anauziwa. Msikilizaji wa wimbo anadhani umechaguliwa kwa ubora wake. Marekani, baada ya kashfa ya 1959 iliyomwangusha mtangazaji Alan Freed, sheria ya 1960 haikupiga marufuku malipo yenyewe. Iliharamisha usiri: aliyelipwa sharti amjulishe msikilizaji.

Kwetu, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiishii kwa watumishi wa umma. Kifungu cha 15 kinamgusa hata mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea hongo katika shughuli za mwajiri wake. Basi mtangazaji anayekula kwa siri hahitaji kutungiwa kosa jipya. Pengo liko kwa kituo kinachouza nafasi na kunyamaza: hicho kilazimishwe kutamka hewani kwamba wimbo umelipiwa.

Kijana wa Newala mwenye wimbo mzuri na mfuko mtupu hashindwi na mshindani wake. Hushindwa na mizani asiyoiona. Babu yake alidai korosho zipimwe mbele ya macho yake. Mjukuu naye anadai hayo hayo.