Mkia wa 'pick up' ulipotelea wapi?

Juzi nilikuwa steji ya Kakamega nikingoja matatu ya kwenda Mumias. Kijana mmoja aliyesimama kando yangu alipiga simu akasema: "Nipick hapa steji, halafu utanidrop Shibale." Mzee niliyekuwa naye, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akaguna. "Unasikia, Prof? Hata 'pick up' hawaijui siku hizi. Wamekata mkia!"

Nilicheka, lakini neno hilo 'mkia' lilinirudisha darasani miaka ya mwanzo ya 1970. Hivyo ndivyo sisi wanafunzi tulivyoviita vitenzi hivi: vitenzi vyenye mkia. Kiingereza huchukua kitenzi kidogo kama 'look', kikakibandika 'after', 'for' au 'into', na maana ikahama nyumba. 'Look' ni kutazama. 'Look after' ni kutunza, 'look for' ni kutafuta, 'look into' ni kuchunguza, na 'look down on' ni kudharau. Kwa Kiswahili hayo ni maneno matano yasiyohusiana kwa sura, na kila moja linasimama kwa miguu yake.

Asili ya vitenzi hivyo si shuleni. Kiingereza cha kale aghalabu kilitanguliza vijineno hivyo mbele ya kitenzi, mfano wa viambishi, na karne kadhaa baadaye vikahamia nyuma. Baadhi ya wataalamu huhusisha mabadiliko hayo na lugha ya walowezi wa Skandinavia waliokaa kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Kisha mwaka 1066 wakaja watawala wa kutoka Normandy na Kifaransa chao. Bwana mkubwa akawa na maneno yenye asili ya Kifaransa na Kilatini, kama 'surrender' na 'tolerate', ilhali mkulima na mpishi walibaki na mtindo ambao leo unatupa 'give up' na 'put up with'. Hadi sasa Mwingereza akiandika barua rasmi huyaendea yale ya kwanza, na akiwa mezani na wanawe hutumia haya ya pili.

Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi hivi ndivyo vinavyowatatiza wageni kuliko kitu kingine. Hata hivyo, jina lake la kitaalamu la Kiingereza lilienea tu baada ya Logan Pearsall Smith kulitumia kitabuni mwaka 1925, naye alilipata kwa mwanakamusi Henry Bradley. Miaka mitano baadaye C. K. Ogden akatangaza Kiingereza chake chepesi cha maneno 850, chenye vitenzi 18 pekee. Wepesi gani huo! Ukipunguza vitenzi kiasi hicho, kazi yote inaangukia mikia, yaani palepale Johnson alipokuwa ameonya.

Basi lugha hii ya jikoni ilitufikia sisi kupitia ubao na chaki. Mwaka 1957 mafunzo ya Kiingereza tangu darasa la kwanza yalianza kufanyiwa majaribio katika shule za watoto wa Kiasia mjini Nairobi, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikapendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu mwanzo. Mtoto wa Kakamega, ambaye hakuwahi kumsikia mama yeyote akimwambia mwanawe 'get up' asubuhi, akapewa orodha aikariri. Kwa wenyewe yalikuwa mazungumzo ya nyumbani. Kwetu yakawa alama ya usomi.

Mimi nililipia. Tulitakiwa kutunga sentensi kwa kutumia 'put up with'. Nilijua 'put up' ni kupata malazi, kwa hiyo nikaandika kwa fahari kwamba likizoni 'we put up with our uncle in Kisumu'. Nilidhani nimesema tulilala kwa mjomba. Kumbe nimeandika kwamba tulimvumilia mjomba! Mwalimu aliisoma kwa sauti, darasa likaangua kicheko, nami nikala viboko vinne. Hakuna aliyenieleza kosa langu. Mtihani wa CPE ulikuwa unakaribia, na mtihani huo ndio uliokuwa ukiamua nani aende sekondari na nani arudi shambani.

Ningeelezwa nini? Kwamba katika lugha zetu mwelekeo umo ndani ya kitenzi chenyewe. Mwanga wa Mumias akisema 'okhwinjira' ameshaingia ndani, na akisema 'okhurula' ameshatoka. Kiswahili vilevile kina panda, shuka, ingia, toka. Anayefikiri hivyo akikutana na 'pick' huiona imekamilika kama 'chukua', na ile 'up' haina kazi ya kufanya. Josef Schmied, Mjerumani aliyekusanya data ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba mikia hii huku kwetu hupotea mara nyingi, na pengine huongezwa pasipohitajika, kama watu wasemapo 'cope up'. Kijana wa steji hakuwa mzembe. Alikuwa akifuata sarufi, ila si ile ya London.

Tena tazama: mkia haupotei neno likiwa nomino. Tuna pikapu, mekapu na chekapu. Watanzania wana sendofu ya bibi harusi. Na mwaka 2020 sote tulijifunza lokdauni. Tumemeza kitenzi na mkia wake pamoja, na hakuna anayeuliza 'apu' inafanya nini ndani ya pikapu.

Kwa upande wa pili, Kiingereza nacho kinatuvuta. 'Tunaangalia mbele kukutana nanyi' siikubali, maadamu tuna kutarajia na kutazamia. 'Serikali imekuja na mpango' nimechoka kupigana nayo. Lakini wanaosema 'toka nje' na 'panda juu' ni kasumba ya Kiingereza wanakosea. Nimezisikia kwa wazee wasiojua hata neno moja la lugha hiyo.

KCSE bado humtaka mtahiniwa abadilishe neno moja la Kiingereza kwa kitenzi chenye mkia. Kwa hiyo muhula huu, nikiwafunza walimu watarajiwa, nimegeuza utaratibu: tunaanza na kutunza, kutafuta na kudharau, ndipo tunakwenda kwa 'look'. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Prof, na Mwingereza tutamweleza vipi piga simu, piga pasi, piga picha na piga magoti? Nani anapigwa hapo?"

Darasa lilicheka, nami pia. Nimemwahidi jibu wiki ijayo.