Flashi Haina Upande B

Ubishi huu haukosi klabuni, na huletwa na mtu wa umri wa mjomba wako, amesimama karibu na deki, glasi mkononi: ninyi vijana si ma-DJ, mnabonyeza tu. Kwake DJ ni yule aliyebeba santuri begani, akazishika kwa vidole na kuunganisha mapigo kwa masikio yake mwenyewe, bila laptopu ya kumsaidia. Mimi nilijifunzia kwa kontrola ya kukopa, kwa hivyo maneno hayo nimeambiwa usoni zaidi ya mara moja. Nimeisoma historia ya mashine hizi nikitafuta jibu, na kwa maoni yangu inamkatalia mjomba lile analolipigia kelele. Lakini inampa haki kwa jambo lingine ambalo hata hajalitaja.

Mwaka wa 1972 kampuni ya Matsushita ya Japani, hii tunayoijua leo kama Panasonic, ilitoa deki iliyoitwa Technics SL-1200. Haikutengenezwa kwa ajili ya DJ. Ilikuwa ya mtu wa kuketi sebuleni kwake na kusikiliza muziki kwa utulivu. Tofauti yake ilikuwa chini ya sahani. Deki nyingi za wakati huo zilizungushwa kwa mkanda wa mpira, na ukiizuia santuri kwa kidole kisha ukaiachilia, mkanda ule ulijivuta kwanza kabla ya mwendo kurudi sawa. Katika SL-1200 mota ilikaa moja kwa moja chini ya sahani, bila mkanda. Ukiachilia, inaondoka. Toleo la MK2, lililokuja mwishoni mwa miaka ya 70, lilifikia mwendo kamili ndani ya sekunde 0.7, na pembeni lilikuwa na kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Kitelezi hicho kikumbuke, tutakutana nacho tena.

Waliojua thamani ya mota hiyo walikuwa vijana wa Bronx, New York, ambao Matsushita haikuwawazia kabisa. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo nambari 1520 la Sedgwick Avenue, Clive Campbell, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyejiita Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dadake. Herc alikuwa ameona kwamba wachezaji wanangoja kipande kimoja tu cha wimbo, pale waimbaji wanaponyamaza zikabaki ngoma na besi. Kipande chenyewe ni cha sekunde chache. Dawa yake ikawa kununua nakala mbili za santuri moja: ya kwanza ikimaliza kipande, anaingiza ya pili, huku ya kwanza akiirudisha nyuma. Grandmaster Flash, kijana aliyesomea mambo ya umeme, akaifanya iwe hesabu. Aliweka alama za krayoni juu ya santuri ili ajue pa kuirudisha, na chini yake akatandika kitambaa alichokikaza kwa wanga ili santuri iteleze huku sahani ikiendelea kuzunguka. Halafu Grand Wizzard Theodore, akiwa bado mtoto wa shule, akageuza ile sauti ya kukwaruza kuwa muziki.

Sasa jiweke mahali pa mpiga gita wa mwaka huo, aliyefanya mazoezi miaka kumi. Anamwona kijana akicheza jasho la wenzake, tena kwa kulichafua kwa krayoni. Neno "mnabonyeza tu" lilikuwa tayari mdomoni mwake. Udijei ulianza kwa kutumia vibaya chombo cha watu wengine, na hapo ndipo ninapoachana na mjomba. Deki anayoiita halisi ilikuwa njia ya mkato ya kizazi chake.

Mashine za dijitali zilipofika hazikujaribu kuufuta mkono. Zilihangaika kuuiga. Pioneer ilitoa CDJ-500 mwaka wa 1994, lakini ma-DJ wengi hawakutetemeka. Iliyowageuza ni CDJ-1000 ya 2001, kwa sababu juu yake kulikuwa na gurudumu kubwa unaloligusa wimbo ukasimama, ukalisukuma nyuma wimbo ukakwaruza kama santuri. Kidogo baadaye, 2004, Serato na Rane wakaleta ujanja ambao mimi naona ndio mzuri kuliko yote. Santuri zake hazikuwa na wimbo. Zilikuwa na mlio mmoja tu wa msimbo, na sindano ikiusoma, kompyuta inajua santuri iko wapi, inakwenda kasi gani na inaelekea mbele au nyuma, kisha inafanya hivyo hivyo kwa wimbo ulio ndani yake. Mkono ulibaki pale pale juu ya Technics. Kilichotoweka ni masanduku.

Na masanduku si mchezo. Santuri 80 kubwa pamoja na majalada yake zinakaribia kilo 20, na hazikutoshi hadi alfajiri. Mwaka wa 2009 CDJ-2000 ikaanza kusoma flashi, na usiku mzima ukaingia mfukoni mwa jinzi. Mwaka uliofuata Panasonic ikaacha kutengeneza SL-1200. Iliirudisha 2016, safari hii kwa takriban dola 4,000 toleo la kwanza, bei ya kumwambia kijana wa Kayole abaki na kontrola yake. Ila itazame hiyo kontrola: magurudumu mawili ya duara, miksa katikati, na pembeni kile kitelezi cha mwendo. Hakuna kinachozunguka ndani yake. Umbo lote ni kumbukumbu ya Technics.

Kwetu Nairobi uzito wa mambo haya uko kwingine. Kuunganisha mapigo kwa masikio unaweza kujifunza kwa miezi kadhaa ukitia bidii. Kupata santuri ndiyo ilikuwa shida. Nyimbo mpya za kigeni zilikuja kwa ndege, ndani ya mizigo ya mtu aliyetoka London au Marekani. Mara nyingi deki na santuri zilikuwa za klabu au za kampuni ya muziki, wala si za kijana anayezicheza. Aliyekuwa na sanduku ndiye aliyekuwa na kazi. Flashi iliuvunja mlango huo. Leo msee wa Umoja mwenye laptopu iliyotumika na programu aliyopewa na rafiki anaweza kuchukua harusi Jumamosi, na nani atamuuliza sanduku lako liko wapi?

Halafu kuna matatu. Huko Marekani kampuni ya Chrysler ilijaribu kuweka kicheza santuri ndani ya gari mwaka wa 1956, na mradi ukafa mapema. Hebu iwaze sindano juu ya matuta ya Jogoo Road. Kwa hiyo jukwaa kubwa zaidi la ma-DJ wa jiji hili halikuwahi kuwa la santuri. Lilikwenda kwa kaseti, kisha CD na DVD, kisha flashi. Ndiyo maana pia DJ wetu wa sasa anachanganya video, maana abiria amezoea skrini, na santuri haina picha. Kusema udijei wa Nairobi uliharibiwa na dijitali ni kusahau ulikolelewa.

Lakini lile jambo ambalo mjomba halitaji ni upande B.

Miaka ya 70 na 80 Nairobi ilikuwa ikitoa santuri zake yenyewe, zile ndogo za mzunguko wa 45. Maproduza wa River Road na mitaa ya jirani waliingiza sokoni benga, rumba na nyimbo za lugha nyingi kila wiki. Wimbo wa benga ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri, basi waliukata: sehemu ya 1 upande A, sehemu ya 2 upande B. Uimbaji ulikuwa mwingi mwanzoni, na mara nyingi magitaa yalifunguka kabisa upande wa pili. Mwenye santuri moja alilazimika kuigeuza wakati watu wameshapata moto. Mwenye mbili aliweka A kushoto na B kulia, akaunganisha. Ni nakala mbili zile zile za Herc, kwa sababu tofauti kabisa.

Kisha kaseti za wizi zikaua soko hilo, na nyingi kati ya nyimbo zile hazikuhamishwa popote. DJ wa leo hucheza kilicho kwenye flashi. Flashi hujazwa na kilicho mtandaoni, na kilichoko mtandaoni ni kile ambacho mtu fulani alijisumbua kukiweka. Santuri iliyouzwa Luthuli Avenue miaka 45 iliyopita, ikacheza wiki sita na kupotea, haipo kwenye orodha yoyote ya kutafuta. Mlango uliofunguka kwa vijana wa Umoja ulifungwa kwa nyimbo za babu zao, na sioni kama kuna aliyekusudia.

Bado zinapatikana. Nenda Kenyatta Market, pita wanaosuka nywele na moshi wa nyama choma, kuna kibanda kimejaa santuri hadi darini. Nyingine zimepinda, nyingine zina jina la mwenyewe wa zamani kwa kalamu. Mimi huzinunua chache chache. Nyumbani naosha kwa maji na sabuni kidogo, nacheza upande A hadi laptopu imerekodi, nageuza, narekodi B. Kazi ngumu ni kuziunganisha, kwa sababu sehemu ya 1 hufifia taratibu na ya 2 huanza kwa kuchomoza kutoka kimyani, na kompyuta inaweza kuyafuta yote mawili usijue palikuwa na mshono. Mimi nimekuwa nikiuacha mshono, na juzi kwenye sherehe moja ya Buruburu mama mmoja alisimama kabisa pale wimbo ulipofifia, akangoja, kisha akaendelea kucheza.