Mwenye Kerezo na Mkereza

Lugha yetu haigawi majina ya kazi ovyo. Mwenye gari aweza kumaliza umri wake akiendeshwa na mtu mwingine, na hakuna atakayemwita dereva. Mwenye mashine ya kusaga mahindi ana kijana wake anayeiendesha, naye mwenyewe huitwa tajiri tu. Lakini siku hizi huku kwetu nyanda za juu za kusini, mtu akinunua kerezo leo, kesho utakuta kibao kimetundikwa kando ya barabara kikimtangaza kuwa ni mkereza. Kwa msomaji asiyelifahamu, kerezo ni ile mashine inayoukamata mti ncha mbili na kuuzungusha, ili fundi aukate kwa patasi na kuutoa ukiwa mviringo: mguu wa meza, nguzo ya ngazi, bakuli, mchi mdogo wa kutwangia viungo. Kitenzi chake ni kukereza, na ni kitenzi cha pwani kilichotufikia bara pamoja na vitanda vyenye miguu ya duara.

Mimi nami ninalo kerezo. Nililinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo baada ya kuacha kazi ya kuongoza chuo cha ualimu, na tangu siku hiyo majirani hunisalimu, "Shikamoo Mwalimu, habari za kukereza?" Wanasema hivyo kwa heshima. Nimewajibu salamu, jina sijalipokea, maana mtu aliyetumia maisha yake akitoa na kunyima vyeti haachi kujiuliza jina hutolewa na nani, na kwa ushahidi gani.

Babu zetu wa nyanda hizi hawakuwa na kerezo. Walichonga vinu, vigoda, mizinga ya nyuki na mipini kwa tezo na kisu, na ukikipima kinu cha zamani kwa kamba utashangaa jinsi duara lake lilivyokaribia kuwa kamili. Ushahidi mkubwa zaidi uko Ikombe na Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Huko wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vyembamba, vya duara, vinavyouzwa mbali sana na ziwa hilo, wala hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema wale akina mama si wafinyanzi kwa kuwa hawana mashine. Basi jambo la kwanza ni hilo: ufundi waweza kuwapo bila chombo tunachodhani ndicho kinachouzaa. Linalobaki ni kinyume chake, na hapo ndipo pana ubishi.

Kerezo lenyewe ni kongwe. Katika kaburi la kuhani Petosiris huko Misri, la karibu miaka 300 kabla ya Kristo, imechongwa picha ya watu wawili, mmoja akizungusha mti kwa kamba na mwingine akiukata. Katika Bahari ya Hindi lilienea kerezo la upinde: mkereza hukaa chini, mkono mmoja huvuta upinde ambao kamba yake imezungushwa kwenye mti, mkono wa pili hushika patasi, na vidole vya mguu huielekeza. Mti huenda mbele na kurudi nyuma, hivyo makali hukata nusu tu ya wakati. Miguu ya vitanda vya Lamu iliyopambwa kwa mistari ya rangi ni jamaa wa kazi hiyo. Chombo kama hicho chaweza kuundwa kwa siku moja kwa vipande vya mti na kamba, na labda ndiyo sababu hakuna aliyejivunia kuwa nacho. Kilichokuwa na thamani ni mikono, na mguu.

Ulaya nako suala hili lilipewa sheria. Wakereza wa London walipata hati ya kifalme ya chama chao mwaka 1604, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1563 ilikuwa imeshasema kwamba mtu asifanye kazi ya ufundi kabla ya kumtumikia fundi miaka saba. Hawakuuliza una mashine gani. Waliuliza ulikaa kwa nani, muda gani. Nakiri kwamba sheria hiyo ilikuwa pia ukuta wa kuwazuia maskini na wageni, kwa hiyo siitamani irudi. Halafu yuko Tsar Peter wa Kwanza wa Urusi, aliyefariki mwaka 1725. Huyu alikuwa na makerezo mazuri kupita mtu yeyote wa zama zake, na mengine yamehifadhiwa hadi leo katika jumba la Hermitage. Alikereza kweli kwa mikono yake. Hata hivyo, kando yake alikuwepo Andrei Nartov, aliyeyaunda na kuyaboresha makerezo hayo. Nampendea Tsar huyo jambo moja: alipofanya kazi ya kuunda merikebu Amsterdam mwaka 1697, hakuridhika na kuwa mfalme, alitaka fundi mkuu wake amwandikie hati kwamba amejifunza. Mtu mwenye nchi nzima aliona kwamba kumiliki hakutoshi.

Huku kwetu useremala wa karakana uliingia na wamisionari. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Wabenediktini wakaanza Tosamaganga karibu na Iringa miaka michache baadaye, na mwaka 1919 Wakonsolata wakaipokea misheni hiyo. Makanisa yalihitaji milango, viti na meza, na vijana wakafundishwa kwa sababu ya mahitaji hayo, bila mtaala wowote. Mafunzo ya serikali yalichelewa. Shule ya Ufundi Ifunda, mkoani Iringa, ilifunguliwa mwaka 1951, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wazee wa Ifunda niliowahi kuzungumza nao hawakuzungumzia sana mashine. Walizungumzia kunoa. Mwanafunzi alipewa patasi na kinoo, na kabla makali hayajakubaliwa hakuruhusiwa kugusa mbao. Baada ya mafunzo ya karakana kijana alipelekwa kufanya kazi chini ya mwajiri, kisha ndipo akahesabiwa fundi kamili. Katika miaka ya 1960 Ifunda iligeuzwa kuwa shule ya sekondari ya ufundi. Sina ugomvi na uamuzi huo, maana taifa changa lilihitaji wahandisi. Lakini mtu aliyekaa siku nzima karakanani na mtu anayeingia karakanani vipindi vichache kwa wiki hawawezi kutoka na mikono ileile, hata wakipata alama zinazofanana.

Palikuwa pia na majaribio ya ufundi, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtahini alileta mchoro, fundi akapewa mbao na saa kadhaa, kazi ikapimwa. Katika hayo yote sikumbuki fomu iliyomtaka mtahiniwa aeleze anamiliki nini. Fundi wa daraja la kwanza aliweza kuwa hana hata msumeno wake mwenyewe.

Mkanganyiko wetu wa sasa, nionavyo, ulianza tulipoanza kuhesabu vifaa. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na hasa katika miaka ya 1970 sekondari zilipopewa michepuo ya ufundi, kilimo, biashara na sayansikimu, vifaa vililetwa kutoka nchi rafiki. Chuo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, nisichokitaja, kilipata kerezo zuri la chuma. Likaandikwa kwenye leja, likafunikwa turubai. Wakaguzi walipokuja walifunua turubai, wakaandika kwamba chuo kina karakana ya kukereza, wakafunika. Mkufunzi wa kulitumia hakuwahi kupangwa. Wanachuo wakaenda kufundisha nchi nzima wakiwa na chuo "chenye kerezo" katika sifa zao. SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lilitenda kwa busara zaidi katika mpango wake wa kuwakopesha mafundi mashine walipe kidogo kidogo. Kwani mkopo una ulimi wake. Mashine isiyofanya kazi hailipi deni, na mwenye nayo huumbuka mapema.

Sasa niseme kidogo kwa nini kerezo, kuliko msumeno au randa, humdanganya mwenye kulinunua. Ni kwa sababu hutoa kitu cha duara tangu siku ya kwanza. Mgeni akibonyeza swichi na kukwangua, jioni anacho kitu kinachofanana na mguu wa meza. Randa haimdanganyi mtu hivyo. Lakini mpe huyo mgeni miguu minne inayofanana! Hapo ndipo kazi inapoanza, kwani jicho la mnunuzi husamehe umbo lolote, halisamehi miguu miwili inayotofautiana.

Tena kuna hesabu, ambayo sisi walimu hatuwezi kuipita. Kipande chenye kipenyo cha sentimita 5 kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hupita mbele ya patasi mita 157 kwa dakika, kama kilomita 9 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Weka bakuli la sentimita 30 bila kuhamisha mkanda, na ukingo utapita mita 942 kwa dakika, zaidi ya kilomita 56 kwa saa. Hilo ni gari. Mkereza anajua hili mwilini mwake. Mwenye kerezo hulijua bakuli likishamrukia. Mkereza vilevile huulaza kwanza mgongo wa bobari juu ya mti, ndipo huinua mpini polepole mpaka makali yashike na uzi wa mbao uanze kutoka. Anayesukuma ncha moja kwa moja huipasua kazi.

Na mbao nazo zina tabia. Msindano wa Sao Hill hukua upesi, ni laini, na nyuzi zake hung'oka badala ya kukatika kama makali ni butu. Mninga wa mapori ya Chunya ni mtulivu, haupindi sana, na ndiyo maana kila mtu huusifu. Mpingo ni mzito hata huzama majini, nao ndio unaotengenezewa klarineti na obo huko Ulaya. Mwaka 1996 mkereza mmoja wa Texas, James Harris, alishirikiana na Sebastian Chuwa wa Moshi kuanzisha mradi wa kuuhifadhi mti huo. Naona si bahati tu kwamba mtu huyo alikuwa mkereza. Aliyeukata mpingo kwa miaka anajua unavyozidi kuwa adimu, kwa kuwa anaununua kila kipande.

Miaka michache iliyopita suala hili liliacha kuwa la mawazo. Kanisa letu, nje kidogo ya mji wa Mbeya, lilihitaji nguzo 48 za kizuizi cha kwaya, za mninga, na mimi nilikuwa katika kamati ya ujenzi. Walikuja watu wawili. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye kerezo jipya la umeme, na kibao chake, na picha za kazi ambazo baadaye alikubali kuwa si zake. Wa pili alikuwa mzee aliyejifunza ukereza kazini, miaka mingi, katika karakana iliyokwisha fungwa Iringa. Hakuwa na kerezo, lake aliliuza kusomesha watoto. Wajumbe wengi walimpinga mzee. "Mzee wetu, tunakuheshimu," mwenyekiti alimwambia, "lakini tutampaje kazi ya kukereza mtu asiye na mashine?" Swali lilikuwa la haki kabisa. Fedha zilikuwa za waumini, wengine walitoa debe la mahindi.

Niliomba kila mmoja akereze nguzo mbili kwa mfano mmoja. Kijana, kwa uungwana ambao sitausahau, alimruhusu mzee atumie kerezo lake. Mzee hakuwasha umeme kwa zaidi ya nusu saa. Alinoa. Kisha akakata kijiti, akakitia alama za vipimo kwa penseli, akakishikilia karibu na mti unaozunguka ili alama zihamie. Nguzo zake mbili ulipozisimamisha pamoja hukujua ipi ilitangulia. Za kijana zilikuwa nzuri pia, kila moja peke yake.

Kazi alipewa mzee, kwenye kerezo la kijana. Kijana alikaa naye wiki zote akifagia vumbi, na kufikia nguzo ya 30 alikuwa akikereza sehemu za chini. Ubishi ulirudi siku ya malipo, kwani mzee alitaka wagawane sawa na kijana akakataa, akisema, "Baba, mimi nimeleta chuma tu." Mweka hazina alipochoka kuwasikiliza aliandika hati mbili. Moja ilisema "kodi ya kerezo", nyingine "ukereza wa nguzo 48". Katika hiyo ya pili mzee alimwomba aongeze jina la kijana chini ya lake, akaongeza.