Mama wa miaka 16: Hodi isingoje arubaini

Mimi ni mtoto wa Mombasa, ila ndoa imenileta Busia, mpakani na Uganda. Huku, mwaka jana, binti wa jirani yangu alijifungua kifungua mimba akiwa na miaka 16. Kliniki alikuwa ameenda mara moja tu. Aliulizwa kwa sauti, mbele ya foleni, baba wa mtoto ni nani. Hakurudi tena.

Siku ya nne baada ya kujifungua, mhamasishaji wa afya ya jamii alipiga hodi. Ni mama wa mtaa huo huo. Hakuuliza habari za baba. Alimwita "mwanangu", akaomba kumpakata mtoto. Mwili ulikuwa moto, na titi alikuwa amelikataa tangu alfajiri. Walipanda bodaboda hadi hospitali, na mtoto akapona.

Binti huyu si peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wameshawahi kushika mimba.

Wahamasishaji hawa ni takriban 100,000 nchini, na serikali iliwakabidhi vifaa Septemba 2023. Kila mmoja hupewa nyumba kama 100 za kutembelea. Yeye si muuguzi: hazalishi wala hachanji. Kazi yake ni kukagua, kushauri na kumfikisha mgonjwa kituoni.

Shirika la Afya Duniani linataka mzazi na mtoto waangaliwe angalau mara nne: ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Sisi watu wa Pwani tumezoea kumweka mzazi ndani siku arubaini. Ni desturi njema, kwani mzazi hupumzika na kukandwa. Lakini hesabu vizuri: arubaini ikifika, mara tatu za mwanzo zimeshapita, nazo ndizo zenye hatari kubwa. Mzazi akiwa ndani, basi huduma nayo iingie ndani.

Usingoje ukiona mtoto anakataa kunyonya, anapumua mbio, ana degedege au mwili umekuwa moto ama baridi. Mama naye akitokwa na damu nyingi, akipata homa, au kichwa kikimuuma sana na macho yasione vizuri, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Marekani, mpango ulioanzia mji wa Elmira mwaka 1977 humpa binti muuguzi mmoja, yule yule, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka 2. Siri yake ni kuaminiana.

Na masomo? Mwongozo wa serikali wa 2020 unamruhusu mama kurudi shule. Ikiwa alidhulumiwa, piga 116, bila malipo.

Ukisikia hodi, fungua. Isiposikika, kamwite mhamasishaji wa mtaa wako.